Picha za Nyota kutoka Milima ya Usambara, Pamoja na Maneno Yake

Katika Kiswahili cha mabaharia neno suheli lina maana ya kusini. Asili yake ni jina la nyota moja, Suhail ya Waarabu, ambayo wataalamu wa Ulaya huiita Canopus, na ambayo kwa mwangaza hushinda nyota zote za usiku ila moja tu. Leo ni wachache sana wanaolitumia neno hilo, na katika hao wachache ni nadra kumpata mtu awezaye kunyosha kidole na kusema, "Suheli ni ile." Jina limebaki katika kamusi, nyota imebaki mbinguni, na kamba iliyoviunganisha imekatika.

Hali hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya juu ya jambo ambalo huenda msomaji asingelitazamia katika kurasa hizi, yaani kazi ya kupiga picha za sayari na nyota za mbali kwa darubini ndogo ya uani. Kazi hiyo hufanywa na watu wasiolipwa kwayo, kwa mapenzi tu. Mimi naona kwamba ina faida kwa mchunguzi wa lugha, na kwamba Milima ya Usambara ni mahali pafaapo kwa kazi hiyo, japokuwa ina taabu zake.

Tuanze na mahali. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, katika digrii 4 na dakika 47 kusini ya ikweta. Kutoka hapo karibu anga lote huonekana katika muda wa mwaka mmoja. Mwishoni mwa Mei, kama saa tatu za usiku, mtu akitazama kusini huuona Msalaba wa Kusini, na akigeuka nyuma huziona upande wa kaskazini zile nyota saba ambazo Wazungu huzifananisha na plau. Galaksi ya Andromeda, ambayo nuru yake imesafiri kiasi cha miaka milioni mbili na nusu, hupanda mpaka nusu ya mbingu. Mawingu mawili ya Magellan, ambayo mtu wa Ulaya hayaoni maishani mwake asiposafiri, huonekana pia, ingawa chini kidogo.

Lakini zawadi kubwa ya Lushoto ni ile nebula iliyomo katika Jauza, yaani kundi la Orion. Hiyo hupita utosini kabisa. Tofauti kati ya njia yake na kilele cha mbingu ya Lushoto ni kama dakika 36 za digrii, nafasi inayozidi kidogo upana wa mwezi mpevu. Katikati ya Januari, kiasi cha saa nne na nusu za usiku, mpigapicha huielekeza darubini yake juu moja kwa moja, na nuru huijia kwa kupenya tabaka la hewa lililo jembamba kuliko yote.

Kwa sababu hiyo hiyo sayari nazo huwa nzuri hapo. Jua na sayari hufuata takriban njia moja, na njia hiyo kwa Lushoto hupita juu sana mwaka mzima. Mtu wa Uingereza kuna miaka ambayo humwona Mshtarii au Zohali akitambaa karibu na paa za nyumba, katika hewa nzito inayotetema. Ndiyo maana mpigapicha Damian Peach wa Uingereza alisafiri hadi kisiwa cha Barbados ili azipige picha sayari zikiwa juu. Ndiyo maana pia Christopher Go, mkazi wa Cebu katika Ufilipino, kwa darubini ya sentimita 28 tu, aliweza mwezi wa Februari 1926+80, yaani 2006, kugundua kwamba doa moja jeupe la Mshtarii lilikuwa limegeuka jekundu. Hakuwa mtaalamu wa kulipwa, naye aliwatangulia wenye mitambo ya mamilioni.

Sasa taabu. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo nyota huonekana zikienda. Kamera yenye lenzi ya milimita 50, ikiachwa wazi zaidi ya sekunde kumi hivi juu ya stendi ya kawaida, haitatoa nukta bali michirizi. Dawa yake ni kuifunga darubini juu ya kitako chenye mhimili ulio sambamba na mhimili wa dunia, kikizungushwa na mota polepole kinyume cha mzunguko wa dunia. Huko Ulaya kazi ya kuupanga mhimili huo ni nyepesi, kwa sababu Nyota ya Kaskazini huonyesha ncha. Lushoto nyota hiyo haichomozi kamwe. Mabaharia wa Kiarabu waliiita Jah na kupima kimo chake kwa vidole ili wajue walipofika. Chombo kilichoshuka pwani hii kiliipoteza kilipokaribia ikweta, na ikabidi nahodha ategemee nyota nyingine. Ncha ya kusini nayo iko digrii tano tu juu ya upeo, aghalabu nyuma ya kilima, na nyota hafifu iliyo karibu nayo humezwa na utusitusi wa hewa ya chini.

Tena vitako vingi vilivyouzwa madukani vilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kaskazini. Kwa Lushoto mhimili yafaa ulale karibu chali, na parafujo haifiki huko. Ikifikishwa, uzani wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Fundi hodari hutia kabari ya mbao chini ya mguu mmoja akaishinda tabu hiyo. Kisha huipata ncha bila ya kuiona: huchagua nyota iliyo utosini, huitazama kwa dakika kadhaa kama inateleza kaskazini au kusini, hurekebisha mhimili kushoto au kulia, halafu hufanya vivyo hivyo kwa nyota iliyo chini upande wa mashariki, safari hii akiinua au kushusha. Ni kazi ya saa nzima, na shingo huuma. Lakini ikishafanywa vizuri, na alama zikachorwa sakafuni, haina haja ya kurudiwa kila usiku.

Namna ya kupiga picha yenyewe ni mbili, nazo hazifanani. Sayari zina nuru nyingi ila ni ndogo mno; Mshtarii akiwa karibu kabisa upana wake haufiki sehemu ya thelathini ya upana wa mwezi. Kinachoharibu picha yake ni kutetema kwa hewa. Basi mpigapicha hachukui picha moja, bali huchukua filamu ya maelfu ya picha katika dakika mbili au tatu, kisha kompyuta huzichambua, ikaziacha zilizopotoka na kuzirundika zile chache zilizopatikana hewa ilipotulia kwa nukta ya sekunde. Asikawie zaidi ya hapo, maana Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa kumi, na mikanda yake husogea hata mtu akitazama.

Nebula na galaksi ni kinyume chake. Hizo ni pana, pengine kuliko mwezi, lakini nuru yake ni haba. Hapo kamera huachwa wazi dakika nzima au zaidi, na kitendo hurudiwa mara sitini, mara mia. Kila picha peke yake hujaa zile chenga ambazo sote tulizijua katika televisheni za zamani. Zikirundikwa picha mia, nuru ya kweli hubaki pale pale ilipo, na chenga, kwa kuwa zinatokea ovyo, hupungua hadi sehemu ya kumi. Picha kadhaa hupigwa pia huku kifuniko kimefungwa, ili makosa ya kamera yenyewe yajulikane na kuondolewa.

Sanaa hii tangu mwanzo wake haikuwa mali ya taasisi kubwa peke yake. Henry Draper, daktari wa Marekani, aliipiga picha nebula ya Jauza kwa mara ya kwanza mwaka 1880. Miaka mitatu baadaye Mwingereza Andrew Ainslie Common, mhandisi aliyeijenga darubini uani kwake Ealing, alipata picha iliyoonyesha nyota ambazo jicho halikupata kuziona hata kwa darubini. Tangu hapo kamera ilikuwa imelipita jicho. Huko kwetu, katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 1882, ilichapwa kamusi ya Kiswahili ya Krapf, aliyekuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Yeye ndiye aliyefika Vuga kwa Kimweri mwaka 1848. Nayataja pamoja kwa sababu kazi hizi mbili, ya kuandika majina na ya kuandika nuru, zilikua wakati mmoja pasipo kujuana.

Hapa ndipo ninapofikia haja yangu. Mkusanyaji wa maneno akimwuliza mzee wa Mtae au wa Bumbuli jina la nyota, aghalabu huuliza mchana, barazani, na jibu analolipata haliwezi kuhakikishwa. Ndiyo asili ya maelezo ya kamusi yasemayo "jina la nyota fulani." Kilimia limeokoka kwa sababu ni fungu la nyota lisilofanana na jingine, na kwa sababu lilishikamana na jembe. Johnson ameliandika katika kamusi yake ya mwaka 1939. Wazulu na Waxhosa husema isiLimela, Wasotho Selemela, na shina la kulima lasikika mote humo. Wazee wa pwani walikitazama kinavyozama mwishoni mwa masika, kama ni kwa jua au kwa mvua, wakakisia hali ya hewa ya siku kitakapozuka. Majina yasiyokuwa na kazi ya namna hiyo yamo hatarini, na katika lugha za bara, Kisambaa kikiwa mojawapo, hatari ni kubwa zaidi.

Picha yaweza kuchukua nafasi ya usiku. Lakini si picha yoyote. Ile nzuri ya mashindano, yenye nyota elfu kumi na nebula nyekundu, haifai kitu mbele ya mzee, kwa kuwa umbo analolijua limezama katika nyota ambazo jicho lake halijapata kuziona. Hata wekundu ule ni mgeni kwake: ni nuru ya haidrojeni, ya kweli kabisa, ila jicho gizani haliipokei, na nebula ile ile ikitazamwa kwa darubini huonekana kama moshi wa kijivu. Picha ifaayo ni ya lenzi pana, ya sekunde kumi na tano au ishirini, juu ya stendi ya kawaida. Tena iwe na upeo wa mlima unaojulikana, mathalani ukingo wa Irente au msitu wa Magamba, kwa maana watu hawakusema "kundi fulani," walisema nyota itokayo juu ya kilima fulani wakati fulani wa kilimo. Jauza likichomoza hulala ubavu. Lipigwe picha hivyo hivyo, lisisimamishwe kama lilivyo katika vitabu vya Ulaya. Na ukungu mwepesi wa Usambara, ambao wapigapicha huulaani, hapa ni rafiki, kwani huzivimbisha nyota kubwa na kuzifuta ndogo, umbo likajitokeza kama jicho linavyoliona.

Juu ya msamiati wa ufundi sina wasiwasi mkubwa. Stendi, lenzi, mota, chenga, kurundika, michirizi: mafundi wa picha na wa televisheni wametutangulia, na yatosha kuwasikiliza. Wasiwasi wangu ni juu ya majina ya kale yanayosukumwa kando na tafsiri. Mercury, ambayo tangu zamani ni Utaridi, katika maandishi kadhaa imeitwa Zebaki, eti kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa sayari na kwa ile madini ya maji. Ni kosa la kuonewa haya katika lugha yenye hazina ya falaki iliyo kongwe. Majina ya buruji kumi na mbili, tangu Hamali mpaka Hutu, yamo katika Kiswahili. Na nyota ambazo Wazungu huziita Aldebaran, Rigel na Fomalhaut zina majina yaliyotoka katika Kiarabu kile kile. Fomalhaut ni kinywa cha hutu, yaani samaki. Aldebaran ni mfuasi, kwa kuwa huifuata Thuraya, na Thuraya si nyingine ila Kilimia chetu.

Majina mapya nayo yanakuja. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Falaki uliyakubali majina yaliyotoka Tanzania kwa nyota WASP-71 na sayari yake: nyota ikaitwa Mpingo, na sayari Tanzanite. Nyota hiyo, iliyomo katika kundi la Cetus, haionekani kwa macho matupu, lakini darubini ya uani huipata. Mwishoni mwa Oktoba hupita karibu na utosi wa Lushoto usiku wa manane, wakati ambapo vuli huweza kulifunga anga. Atakaye kuipiga picha angoje mwanzo wa Januari, saa mbili za usiku, aifunge kamera yake kitambaa cha joto kwa ajili ya umande, na kuielekeza digrii tano na nusu kaskazini ya utosi.