Kompyuta ya Bei Nafuu: Kinachokuchelewesha Si Prosesa

Katika maduka ya kompyuta ya Kariakoo, mteja huuliza "Core ngapi hii?", muuzaji akagonga kwa kidole stika ya i5 au i7 iliyo pembeni ya kibodi, kisha bei ikaanza kujadiliwa. Stika hiyo haisemi mengi. i7 ya mwaka 2012 yenye viini viwili inaweza kupangwa rafu moja na i5 ya mwaka 2018 yenye viini vinne, na hiyo i5 ikaiacha mbali.

Isitoshe, kwa mtu anayeandika barua, kujaza hesabu za duka kwenye Excel na kufungua kurasa kadhaa za intaneti, prosesa hushinda ikisubiri. Inasubiri data. RAM, yaani kumbukumbu ya muda, huileta kwa takriban nanosekunde 100, SSD, yaani diski isiyozunguka, kwa takriban mikrosekunde 100, na diski ya kuzunguka, ile tuliyoizoea kwenye mashine za zamani, kwa milisekunde 10 au zaidi. Tukiurefusha muda huo hadi jibu la RAM lichukue sekunde moja, SSD ingejibu baada ya dakika 17 hivi, na diski ya kuzunguka baada ya saa 28.

Sababu ni chuma. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi kwenye mstari unaohusika, kisha kingoje sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande kina safari yake. SSD haina kinachozunguka.

RAM ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya kazi zako kwenye diski na kuzirudisha unapozihitaji. Ndiyo maana mashine ya GB 4 hukwama ukifungua ukurasa wa kumi, hata kama ni mpya kabisa dukani. Mimi sioni sababu ya kununua kompyuta mpya ya bei ya chini yenye GB 4 zilizochomelewa kwenye ubao, maana hakuna fundi atakayekuongezea. Afadhali ya mtumba iliyotumika ofisini, yenye GB 8 na SSD. ThinkPad T480, kwa mfano, ina nafasi mbili za RAM, SSD inayobadilishwa kwa bisibisi, na betri ya nje inayochomolewa kwa mkono.

Usisahau kizazi cha prosesa. Katika jina kama i5-8250U, tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi. Kuanzia cha kumi zinakuwa mbili. Kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha sita au cha saba bado inafanya kazi vizuri, hasa ukiiwekea Linux, lakini bei yake inapaswa kushuka kwa sababu hiyo.

Betri ya mtumba ni bahati nasibu, ila unaweza kuchungulia. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti inayotolewa, kisha linganisha uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo inaojaza leo. Ikiwa imebaki chini ya nusu, hesabu gharama ya betri mpya kabla ya kutaja bei yako. Joto na kukaa kwenye chaji asilimia 100 ndivyo vinavyoizeesha betri ya lithiamu haraka, na mashine za ofisini nyingi zilishinda zimechomekwa ukutani miaka yote.

Mwishowe, izime mashine, uiwashe na uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio yake ya msingi. Ikidai nywila asiyoijua muuzaji, kuna kampuni huko ilikotoka ambayo haikuifungua. Irudishe kwenye rafu, hata kama wanakupunguzia.