Fahamu: Taasisi za hisani zikishirikiana, kinabadilika nini?

Fikiria shule moja Igawa, wilayani Mbarali, kando ya barabara kuu ya Tanzam. Taasisi ya kwanza inaleta madaftari. Wiki tatu baadaye ya pili inaleta madaftari. Choo cha wasichana bado hakina mlango.

Hakuna aliyekosa moyo wa kutoa hapo. Kilichokosekana ni mazungumzo.

Afrika Mashariki ina jukwaa la mazungumzo hayo tangu 2003: mtandao wa wafadhili, wenye makao yake Nairobi, ambao sasa unaitwa East Africa Philanthropy Network. Wafadhili wa ukanda huu hutoa kwa njia tofauti. Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa 1997, huongezea fedha juu ya kile ambacho jamii yenyewe imechanga. Nchini Tanzania, Foundation for Civil Society hutoa ruzuku kwa asasi za mikoani.

Kushirikiana si lazima kuunganisha akaunti za benki. Fomu moja ya maombi na ripoti moja kwa wafadhili wote tayari ni nafuu kubwa: katibu wa asasi ndogo anayeandika ripoti tano za kazi moja anapoteza siku ambazo angekuwa kijijini.

Mimi ningeanza na orodha ya nani anasaidia nini, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mzazi apite, aisome, aseme: madaftari yanatosha, tuleteeni mlango.