Mfumo Endeshi wa Simu na Nafasi ya Kimeru na Kiembu

Mfumo endeshi ni programu kuu ambayo bila yake simu ya mkononi haifanyi kazi yoyote. Ndio unaowasha kioo, unaopokea herufi zinazobonyezwa, unaopanga tarehe na saa, na unaoziruhusu au kuzizuia programu nyinginezo. Anayeumiliki mfumo huo ana uwezo mkubwa juu ya mtumiaji, na miongoni mwa mambo anayoyaamua ni lugha ambazo simu itazungumza na mwenyewe.

Simu nyingi sana duniani huendeshwa na mifumo miwili tu, Android ya Google na iOS ya Apple, nazo ni kampuni za Marekani. Baadhi ya serikali hazikuridhika na hali hiyo. Huko Urusi, shirika la simu la Rostelecom, ambalo dola ina hisa nyingi ndani yake, lilijitwalia mwaka 2018 mfumo ambao baadaye uliitwa Aurora, nao ulitokana na Sailfish wa kampuni ya Jolla ya Finland. Huko China, kampuni ya Huawei iliwekewa vikwazo na Marekani mwezi Mei 2019, nayo ikatangaza HarmonyOS mwezi Agosti mwaka huo huo. Huko India, mwezi Januari 2023, mawaziri wa serikali waliujaribu hadharani mfumo wa BharOS, uliobuniwa chini ya malezi ya Taasisi ya Teknolojia ya Madras. Hoja ya serikali hizi ni moja: taifa lisitegemee hisani ya kampuni ya kigeni katika chombo ambacho raia hukitumia kila saa.

Kenya haikuishika njia hiyo. Tarehe 30 Oktoba 2023 Rais William Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, na simu zilizotoka humo zilitumia Android. Hata hivyo, Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya, na iendeleze matumizi ya lugha za kienyeji. Basi yafaa kuuliza: kama Kenya ingekuwa na mfumo endeshi wake, msemaji wa Kimeru kule Nkubu au wa Kiembu kule Runyenjes angefaidika nini kwa upande wa lugha yake?

Ili kulijibu swali hili, hapana budi kutazama chini ya mfumo wenyewe. Mfumo endeshi hauzizui majina ya siku na miezi, wala namna ya kuandika tarehe na fedha. Huyachota kutoka katika hazina moja ya pamoja inayotunzwa na Unicode, jumuiya ya kimataifa inayosimamia herufi za kompyuta. Hazina hiyo ni wazi kwa wote. Android huitumia, na iOS kadhalika. Hata mifumo ya wapinzani haijitengi nayo: BharOS ilijengwa juu ya msingi wa wazi wa Android, na Sailfish iliyoizaa Aurora hutumia maktaba ya programu ambayo nayo huchota humo humo. Lugha iliyomo katika hazina hiyo ina mlango wa kuingilia katika simu yoyote. Lugha isiyokuwamo hukuta mlango umefungwa, hata kama mwenye simu ni serikali ya nchi yake.

Kimeru na Kiembu vimo. Viliingizwa mnamo mwaka 2010 pamoja na lugha nyingine nyingi za Afrika, kutokana na kazi ya mtandao wa wataalamu uliogharamiwa na shirika la utafiti wa maendeleo la serikali ya Kanada. Kwa hiyo fedha za umma zilitumika kweli, ingawa hazikuwa za umma wa Kenya, na wala hazikutumika kuunda mfumo mpya. Zilitumika kukusanya maneno machache na kuyaweka mahali ambapo kila mfumo ungeyafikia.

Maneno hayo, ingawa ni machache, yana mengi ya kumfundisha mwanaisimu. Katika Kiembu miezi huhesabiwa: Mweri wa mbere, Mweri wa kathatũ, Mweri wa kana, na kuendelea hadi wa kumi na mbili. Siku zake, kinyume chake, zimetoka katika Kiswahili na kuvikwa sauti za Kiembu: Njumatatu, Njumaine, Njumatano, Aramithi, Njumaa. Kimeru kimefanya kinyume. Miezi yake imekopwa kutoka Kiingereza na kutoholewa, kama vile Januarĩ, Ĩpurũ na Njuraĩ, bali siku zake nyingi ni za kuhesabu: baada ya Muramuko, yaani Jumatatu, huja Wairi, Wethatu, Wena na Wetano.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kiswahili huanza kuhesabu siku kutoka Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa ya Waislamu. Ndiyo maana siku ya tano ni Jumatano. Kimeru huanza kuhesabu kutoka Jumatatu, na kwa sababu hiyo Wetano ni Ijumaa. Isitoshe, jina Alhamisi, ambalo Kiembu kimelipokea kwa umbo la Aramithi, latokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya tano. Basi siku tatu zinazofuatana, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, zote zina jina la "tano", kila moja kwa hesabu yake. Kimeru chenyewe kimeikopa Jumamosi kama ilivyo, hata juma moja likawa na hesabu mbili: baada ya siku ya tano inafuata siku ya kwanza.

Msemaji wa kawaida hapotei katika jambo hili, kwa kuwa hujua majina wala hahesabu. Mashine, au mfasiri wa mbali anayelinganisha mizizi ya maneno, aweza kupotea. Mama wa Imenti akiandikiwa na zahanati kwamba mtoto achanjwe Wetano, na programu ikaufasiri ujumbe huo kuwa Jumatano, mama atafika siku mbili kabla na kurudi bure. Jirani yake wa Embu akisoma Njumatano, maana ni Jumatano kweli. Tofauti hii haiwezi kusahihishwa na kiwanda cha simu wala na wizara. Hujulikana na wasemaji na wanaoichunguza lugha yao.

Yako pia mapungufu mengine. Katika simu nyingi za Android mtumiaji aweza kuchagua Kimeru au Kiembu katika orodha ya lugha, lakini akishachagua huona tarehe tu katika lugha yake. Amri nyinginezo hubaki katika Kiingereza au Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyezitafsiri. Herufi ĩ na ũ, ambazo bila alama zake irabu saba za lugha hizi haziwezi kutofautishwa katika maandishi, zimo katika orodha ya Unicode, lakini kibodi ya Kiingereza inayokuja na simu aghalabu haizionyeshi. Matokeo yake ni kwamba vijana huandika i na u peke yake, na tahajia inayofundishwa shuleni haionekani katika maandishi wanayoandikiana kila siku.

Kiswahili kilikwisha kuonyesha njia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa fedha za Sweden, kilitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya kazi ile haikuwa ya mafundi wa mitambo, bali ya kukubaliana juu ya istilahi.

Kazi kama hiyo yaingojea Meru na Embu, na maswali yake ni ya kiisimu. Je, Kimeru cha simu kiwe cha Imenti peke yake, au Tigania na Igembe nao washauriwe? Je, faili la Kiembu liwatoshe pia Wambeere? Amri ya "hifadhi" au "futa" itamkwe vipi ili mzee na mwanafunzi waielewe sawasawa? Hazina ya Unicode hufunguliwa kwa vipindi ili kupokea masahihisho na nyongeza kutoka kwa wachangiaji. Serikali za kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu, zikisaidiwa na idara za lugha za vyuo vikuu, zaweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na ya kuunda mfumo endeshi. Na iwapo siku moja Kenya itaamua kuunda mfumo wake, majina ya Wena na Wetano yatakuwa yamekwisha kuwekwa mahali pake.