Mstari Usiovukwa: Hisabati ya Nyuso na Mitaa Iliyotengana

Katika elimu ya hisabati lipo tawi lishughulikalo na nyuso, nalo huuliza swali ambalo kwa kulisikia tu laonekana jepesi: uso ukigeuzwa pasipo kuchanwa wala kubandikwa, kisha ukageuzwa tena kwa kaida ile ile, na tena, hata mara elfu, nukta zake zitaishia wapi? Uso, kwa maana hii, ni kama ngozi ya tufe, au ya pete nene, au ya umbo lenye matundu mawili, matatu na zaidi. Na ugeuzi wa namna hiyo, ambao hakuna nukta mbili ziangukazo mahali pamoja, hakuna mahali paachwapo patupu, na nukta zilizokaribiana hubaki zimekaribiana, wanahisabati huuita homiomofizimu. Jakob Nielsen wa Denmark aliichimba mas'ala hii tangu miaka ya 1920. Walakini jawabu timilifu lilitoka kwa William Thurston, Mmarekani aliyepewa Medali ya Fields mwaka 1982, naye alilipata katika miaka ya 1970 ingawa makala yake haikupigwa chapa hata mwaka 1988.

Thurston alithibitisha kwamba kila ugeuzi wa uso, ukisharekebishwa taratibu bila kuuchana, huangukia mojawapo ya hali tatu. Yamkini ukirudiwa kiasi fulani cha mara huirudisha kila nukta ilikoanzia, na hapo hapana mengi ya kusema. Yamkini hunyoosha uso upande mmoja na kuubana upande wa pili, kila mara kwa kipimo kile kile, hata sehemu zote zikaingiliana; kwenye pete nene upo ugeuzi mashuhuri ambao kila ukirudiwa hunyoosha kwa kadiri ya mara 2.618, na aliyepata kukanda unga wenye tone la rangi ameona kwa macho yake jinsi tone hilo, kwa kunyooshwa na kukunjwa tu, linavyoenea donge zima. Au yamkini ipo mistari iliyojifunga, ambayo ugeuzi huichukua na kuiweka juu ya mistari ile ile. Hapo uso hukatika vipande, na kilicho ndani ya kipande hakichanganyiki na kilicho nje, ujaporudia kazi hiyo milele.

Uzuri wa ithibati hii, kwa rai yangu, umo katika ulazima wake. Maadamu ugeuzi haurudi mwanzo, na maadamu hakuna mstari uukatao uso, basi kuchanganyika hakuna budi. Nako kutochanganyika si nasibu, bali kuna sababu iwezayo kutafutwa na kuonyeshwa kwa kidole. Hali hiyo hukumbusha mji ambao mitaa yake imetengana, ingawa mji si uso wa mwanahisabati, na binadamu huchagua ilhali nukta haichagui. Asije mtu akadai kuwa Thurston amethibitisha lolote juu ya wapangaji. Lakini swali tulilofundishwa ni jema, nalo lafaa kuulizwa mjini: mstari uko wapi, nao wahifadhiwa na nini?

Mji wa Chicago una jawabu lililo wazi. Watu Weusi kutoka majimbo ya kusini ya Marekani walihamia huko kwa wingi tangu zama za Vita vya Kwanza vya Dunia, nao wakabanwa katika ukanda mwembamba wa upande wa kusini wa mji, kwa kuwa hati za nyumba katika mitaa mingine zilitiwa sharti kwamba nyumba isiuzwe wala isipangishwe kwa Mtu Mweusi. Mwaka 1937 Carl Hansberry alinunua nyumba katika eneo lenye sharti hilo, akashitakiwa; Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki mwaka 1940, lakini kwa hoja ya utaratibu wa mashauri, bila kuligusa sharti lenyewe. Ilipasa kungoja mwaka 1948, katika kesi ya Shelley na Kraemer iliyotoka St. Louis, ndipo mahakama zikakatazwa kulitekeleza. Wakati huo serikali ilikwisha chora mistari yake: shirika la mikopo ya nyumba lililoundwa mwaka 1933 lilitengeneza ramani za rangi nne, na mitaa ya Weusi aghalabu ilipakwa nyekundu, yaani mahali pa hatari pasipofaa kukopeshwa. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilitiwa sahihi tarehe 11 Aprili 1968, siku saba baada ya kuuawa Martin Luther King.

Miaka mitatu baadaye Thomas Schelling, mwanauchumi, alitoa uchunguzi ambao umenukuliwa mno na kufahamika kidogo. Aliweka juu ya ubao vitu vya aina mbili vilivyochanganyika, akatoa kaida kwamba kila kimoja kiridhike iwapo walau theluthi ya majirani zake ni wa aina yake, na kisichoridhika kihame. Hakuna aliyetaka kutengana. Hata hivyo ubao uligawanyika makundi makundi. Wako waliolichukua jambo hili kuwa udhuru, wakisema mitaa hutengana kwa hiari ya watu na sheria haina taksiri. Hiyo ni dhuluma kwa Schelling, aliyeeleza bayana kwamba amekusudia kuziweka kando nguvu za mapatano ya watu na za uchumi. Na kuonyesha kwamba jambo laweza kutokea kwa njia moja si kuonyesha kwamba ndiyo njia lililotokea.

Tena fundisho zito la ubao ule huonekana ukiuendesha kinyume. Anza na makundi yaliyokwisha tengana, kisha ulegeze kaida hata kila mmoja awe radhi na jirani yeyote: hakuna atakayehama, kwa kuwa hakuna asiyeridhika. Mpaka hudumu hata baada ya chuki iliyouweka kwisha. Ndiyo maana kufuta sharti hakukutosha Chicago, fauka ya kwamba nyumba zilizonyimwa mikopo hazikuwapa wenyewe mali ya kurithisha watoto ili wanunue kwingine.

Dar es Salaam haiko mbali na habari hii. Chini ya Waingereza mji uligawanywa kanda tatu, ambazo kwa maandishi zilitofautishwa kwa namna ya majengo, na kwa vitendo zikawa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika: Oysterbay, Upanga, Kariakoo. Baada ya uhuru rangi iliondolewa. Kukasalia viwanja vya ujazo wa chini, yaani vikubwa, vya ujazo wa kati na vya ujazo wa juu, na vile vikubwa vikabaki pale pale vilipokuwa. Basi msomaji, ramani ya mipango ya mtaa wako itakapobandikwa ofisini, nenda ukaitazame kabla haijapitishwa, uulize ni nani aliyeweka kipimo cha chini cha kiwanja, na ni nani ambaye kipimo hicho kinamzuia kuwa jirani yako.