Risasi Kuingia Katika Bunduki Si Ushahidi wa Kulingana Nayo

Wapo wakazi wa kata zetu wanaomiliki bunduki kwa kibali halali, hususan kwa ajili ya kulinda mashamba na mifugo dhidi ya wanyama waharibifu. Hutokea mmiliki akaishiwa risasi, akaazima mbili tatu kwa jirani, akazijaribu na kuona zinaingia bila shida. Hapo huridhika kwamba zinafaa. Makala haya yanaeleza kwa nini kuridhika huko kunaweza kumgharimu mkono, jicho au uhai.

Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Fataki ikigongwa, baruti huwaka na kugeuka gesi yenye joto na shinikizo kubwa. Gesi hiyo husukuma kichwa kupitia mtutuni, na wakati huohuo hulitanua ganda hadi likabana kuta za chemba, yaani sehemu ya bunduki inamokaa risasi. Ganda lililobana vema huizuia gesi isirudi nyuma kwa mpigaji. Kwa hiyo, usalama wake unategemea ganda na chemba kuwa na kipimo kimoja.

Mfano wa kwanza ni bunduki za marisau, maarufu kwa jina la shotigani. Hizi hupimwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mtutu unavyokuwa mwembamba. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12, hupita chemba yote na kukwama mbele yake, ndani ya mtutu. Mpigaji akifungua bunduki huona chemba tupu, hudhani hakuweka kitu, kisha hutia risasi ya namba 12 nyuma yake. Akifyatua, mtutu uliozibwa hupasuka karibu kabisa na mkono unaoushika. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huzitia risasi za namba 20 rangi ya njano, ili zitambulike upesi.

Mfano wa pili ni urefu. Chemba nyingi za namba 12, hasa za bunduki za zamani, zina urefu wa milimita 70, ilhali zipo risasi za milimita 76. Risasi hiyo ndefu huingia katika chemba fupi kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Kipimo kinachoandikwa ni cha ganda likiwa limefunguka. Inapofyatuliwa, mdomo hukosa nafasi ya kufunguka, njia ya marisau hubanwa, na shinikizo hupanda kuliko bunduki ilivyokusudiwa kuhimili.

Mfano wa tatu ni raifo. Watu husema, “Hii ni 7.62,” wakidhani wamemaliza. Namba hiyo hutaja kipenyo tu. Zipo risasi za 7.62 zenye maganda ya urefu wa milimita 39, 51, 54 na 63, na kila moja ina chemba yake. Risasi ijulikanayo kama .308, yenye ganda la milimita 51, inaweza kuingia katika bunduki ya .30-06, ambayo chemba yake imetengenezwa kwa ganda la milimita 63. Ikifyatuka humo, sehemu ya mbele ya ganda haina ukuta wa kuiegemea; ganda huweza kupasuka na gesi kuvuja kuelekea usoni kwa mpigaji.

Mmiliki anashauriwa kuzingatia yafuatayo. Asome maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au kando ya chemba, ayalinganishe na yale ya kitako cha risasi na ya boksi lake. Yote yawe sawa, neno kwa neno na namba kwa namba. Maandishi yakiwa yamefutika, asifyatue mpaka fundi wa silaha aliyeidhinishwa aipime bunduki. Asichanganye risasi za aina mbili katika mfuko mmoja. Sauti ikitoka hafifu kuliko kawaida, asimame, aelekeze mtutu mahali salama, asubiri walau nusu dakika, kisha atoe risasi na kuhakikisha mtutu haujaziba kabla ya kuendelea.

Ikumbukwe pia kwamba silaha na risasi husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali ni cha mtu aliyepewa. Bunduki ya marehemu hairithiwi kama jembe, bali familia iifikishe kituo cha polisi pamoja na risasi zake. Mkazi atakayeokota risasi asiigonge, asiichome moto wala kuwaachia watoto waichezee. Atoe taarifa polisi au kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wake.