MABOMBA YA HEWA KIWANDANI: TUULIZE KABLA BATI HALIJAKATWA



Kiwanda kinapobadilisha mabomba yake ya hewa, yale makubwa ya bati yanayopita chini ya paa, mara nyingi sisi huambiwa: "Hayo ni mambo ya mainjinia, yamo kwenye kompyuta." Nasi hunyamaza. Chama kinasema tusinyamaze. Kompyuta haina mapafu. Mapafu ni yetu.

Tuanze na kazi ya mabomba haya. Katika kiwanda cha chai, bomba moja hupeleka hewa ya moto kwenye mashine ya kukaushia. Jingine hufyonza vumbi katika chumba cha kuchekechea na kulitoa nje. Kiwanda cha kukoboa kahawa nacho kina bomba la vumbi. Ndugu wa mashambani msiseme hayawahusu, maana kazi ya kuchuma ikipungua wengi wenu huitwa ndani ya kiwanda.

Siku hizi mchoraji hatumii penseli. Anatumia programu ya kompyuta, kama ile ya Revit ya kampuni ya Autodesk ya Marekani. Yeye huvuta mstari wa bomba, na programu huweka kona na viungio kwa kufuata maagizo aliyoipa mwanzo. Maagizo yakiwa mabaya, picha itapendeza lakini bomba litakuwa bovu. Yako mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni midomo ya mashine. Kila mashine katika mchoro ina mdomo wa kuungia bomba. Mchoraji hupaswa kueleza mdomo huo una upana gani, hewa inaingia au inatoka, na ni kiasi gani. Tuseme mashine 5 za kuchekecha, kila moja inatakiwa kufyonzwa hewa mita za ujazo 900 kwa saa. Jumla ni 4,500. Lakini mdomo mmoja ukiwa umegusana tu na bomba katika picha bila kuungwa, programu haiuhesabu. Itajumlisha 3,600, na feni itakayonunuliwa itakuwa ndogo. Mashine zote 5 zikianza kufanya kazi, kila mdomo utafyonza kwa unyonge, na vumbi litabaki puani mwa wenzetu.

La pili ni viungio. Bomba dogo la vumbi liingie katika bomba kubwa kwa mshazari, likielekea kule hewa inakokwenda. Likiingia kwa pembe ya mraba, hewa hugonga ukuta, mwendo hupungua, vumbi hutua na bomba huziba. Kwa kawaida vumbi la viwandani hutaka hewa iende kama mita 18 hadi 20 kwa sekunde ndipo lisitue. Programu itaweka pembe ya mraba au mshazari kama ilivyoagizwa. Haijui kama ndani mnapita vumbi au hewa safi. Tena kompyuta haioni kiungio kilicholegea. Kabla ya feni, tundu hunyonya hewa ya bure na kuipunguzia midomo nguvu. Baada ya feni, tundu hilo hilo hututemea vumbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu ni blanketi la kuzuia joto, lile la sufu ya kioo linalovikwa bomba la moto. Katika programu, blanketi huongezwa peke yake baada ya bomba, na mchoraji huchagua aina na unene. Bomba la upana wa milimita 400 likivikwa blanketi la milimita 50 kila upande huwa 500. Lakini katika mchoro bomba bado huandikwa 400. Programu inaweza kukagua kama vitu vinagongana, ila hukagua vile tu ilivyoambiwa.

Haya tuliyaona kwa macho. Katika kiwanda kimoja bomba la moto lilitakiwa kupita kati ya boriti mbili, nafasi ya milimita 450. Katika mchoro lilipita. Siku ya kufunga, mafundi walilazimika kulivua blanketi hapo na kuliacha bati tupu. Mwenzetu alipopanda ngazi kubadili taa aliegemeza mkono, akaungua. Menejimenti ikasema ni mzembe. Tulipodai mchoro, ndipo ilipoonekana kwamba ukaguzi ulifanywa bila blanketi. Barua ya onyo ikafutwa, lakini kovu halikufutika.

Jambo jingine: mchoro mpya huandika tu "ondoa bomba la zamani." Katika viwanda vya zamani blanketi la bomba huenda likawa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Mtu asibandue wala asifagie mpaka limepimwa na wataalamu wamekuja kuliondoa.

Basi kila kamati ya tawi imwulize mwajiri maswali haya kabla bati halijakatwa:

1. Je, midomo yote imeungwa na kuhesabiwa?
2. Je, mabomba madogo ya vumbi yanaingia kwa mshazari?
3. Je, ukaguzi umefanywa pamoja na unene wa blanketi?
4. Je, blanketi la zamani limepimwa?
5. Nani atapima nguvu ya hewa kwenye kila mdomo baada ya kufunga?

Kuuliza si ukorofi. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006. Wenzetu wa Kenya wana yao ya 2007, na wa Tanzania ya 2003. Mkataba Namba 155 wa 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema wawakilishi wa wafanyakazi wapewe habari na washauriwe juu ya usalama wao.

Kurekebisha mchoro ni kazi ya siku chache. Bati likishakatwa na kufungwa, tutaambiwa fedha zimekwisha. Tuulize mapema, tuulize kwa pamoja.

Umoja ni nguvu.