Fahamu: Bundi wa Itombwe, ndege aliyeshikwa mara mbili tu

Ukiwa Bihambwe, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vilima vya Masisi vinaonekana vimevaa majani ya malisho, ng'ombe wakila mahali palipokuwa na msitu. Kusini zaidi, katika milima ya Itombwe, Kivu Kusini, miti ingali imesimama kwa wingi. Humo ndimo anamoishi bundi ambaye ni wachache mno waliowahi kumwona.

Wa kwanza alipatikana Muusi, katika milima hiyo, mwaka 1951, kwenye kimo cha karibu mita 2,430. Mwaka uliofuata Henri Schouteden alimpa jina la kisayansi, Phodilus prigoginei, kwa heshima ya Alexandre Prigogine, mkusanyaji mashuhuri wa ndege wa Kivu. Kisha kimya cha miaka 45.

Mwaka 1996 wavu wa watafiti ulinasa jike: manyoya ya hudhurungi, kifua chenye madoa meusi, uzito usiofika robo kilo. Walimpiga picha, wakamwachia aende zake.

Wako wangapi? Ndege wawili hawatoshi kuhesabia, na vita vimewazuia watafiti kurudi mara kwa mara. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka kati ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa makazi yake ni madogo na yanaliwa na mashamba, malisho na uchimbaji wa madini. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006.

Inauma kwamba wengi wetu tunamjua bundi kama mleta kifo tu. Huko mashambani, bundi wengi hula panya wanaomaliza mahindi ghalani.